Kurasa Nane Bila Neno

Lida Hrabcak alikuwa na ugonjwa mmoja ambao kila mkosoaji wa katuni Marekani amewahi kuutolea dawa: maneno mengi. Kwa miaka kumi na moja aliandika hadithi za Tanuru, mzee wa kiwanda cha chuma cha Cleveland ambaye kifuani mwake kuna moto usiozimika, na ambaye kabla ya kumtandika jambazi humpa kwanza nasaha. Mkosoaji mmoja aliandika kwamba majambazi wa Tanuru hawashindwi kwa ngumi, bali husalimu amri ili wakalale. Mwingine alisema Hrabcak huandika kama mtu anayelipwa kwa neno na mwenye nyumba anabisha hodi mlangoni. Lida alizikata tahakiki hizo akazibandika kwenye friji, kwa kujitia hajali. Kila alipofungua friji kuchukua maziwa alizisoma upya, na zilimchoma upya.

Kwamba Tanuru ni baba yake mzazi, halikuwa siri kwa mtu. Ondrej Hrabcak alikula ujana wake wote mbele ya moto wa kuyeyushia chuma, na kiwanda kilipomwachia, mapafu yake yalikuwa yameshaanza kupiga filimbi. Alikaa peke yake Parma, kitongoji cha Cleveland, kwenye nyumba ya matofali aliyoijenga na marehemu mkewe. Kila toleo jipya lilipotoka alilisoma kwenye meza ya jikoni kwa kioo cha kukuzia, pole pole, kama anayekagua kazi ya mtu mwingine. Akimaliza alilifunga na kusema, "Rangi nzuri." Miaka kumi na moja, rangi nzuri. Na rangi zenyewe hazikuwa za Lida. Kulikuwa na kijana wa Toronto aliyelipwa kuzipaka.

Toleo la hamsini, Tanuru alipangiwa kufa. Katika kazi hii shujaa hufa mauzo yakishuka na hufufuka yakishuka tena, wala hakuna anayeweka matanga. Lida hakuwa na shida na hilo. Alikuwa na shida yake mwenyewe, na alikusudia kuimaliza kwenye kurasa nane za mwisho. Humo, Cheche, binti wa Tanuru, anafika kiwandani na kumkuta baba yake chini, pumzi zinakatika, naye anaanza kusema.

Maneno yale Lida aliyaandika msimu mzima wa baridi, na hayakuwa ya Cheche. Yalikuwa yake. Miaka sita nyuma, usiku aliofariki mama yake, Zdenka, Lida alikuwa San Diego jukwaani, anapokea tuzo ya kwanza na ya pekee maishani mwake, simu ameizima iko mkobani. Asubuhi alipoiwasha akamkuta baba yake humo: "Lida, mama yako. Njoo nyumbani." Tangu siku hiyo hakuwahi kumwomba mzee radhi kwa mdomo. Mtu anayejaza karatasi bila kuvuta pumzi, lakini mbele ya baba yake ulimi unaganda. Kwa hiyo akampa Cheche aseme: "Nilichelewa, Baba. Nilikuwa napigiwa makofi na watu nisiowajua, na wewe umemshika mkono peke yako." Yakaendelea hivyo kurasa nane. Alichokitaka Lida ni kimoja tu. Mzee akae na kioo chake, ayasome. Hata kama mwisho wake angesema rangi nzuri, basi, yangekuwa yamefika.

Alipanga mzee awe wa kwanza kupata nakala, itumwe Parma moja kwa moja. Boksi lake mwenyewe lilimfikia Jumatano, siku ya vitabu vipya madukani. Alikata gundi kwa kisu cha jikoni akafungua ukurasa wa kumi na tatu akiwa amesimama. Cheche alikuwepo, amepiga magoti. Tanuru alikuwepo. Maneno hayakuwepo. Akafungua wa kumi na nne, wa kumi na tano, mpaka wa ishirini. Hakuna hata kiputo kimoja cha maneno. Akampigia simu mhariri wake, Preston Achterberg, New York.

"Preston, maneno yangu yako wapi?"

"Maneno gani tena, dada yangu? Yalikuwa mengi tu."

"Ukurasa wa kumi na tatu mpaka wa ishirini. Fungua."

Akasikia karatasi zikifunuliwa. Kisha zikafunuliwa upya, haraka.

"Lida," Preston alisema, "naomba ukae."

"Nimekaa."

"Basi afadhali wewe. Mimi nimelala sakafuni."

Mkosaji alikuwa yeye. Katuni hupita mikono mingi: mwandishi huandika, mchoraji huchora, kisha mtia herufi huyaweka maneno kwenye viputo juu ya picha, na mhariri hukusanya yote akayatuma kwa mpiga chapa. Preston alikuwa na mafaili mawili ya kurasa zile nane, lenye maneno na la picha tupu kama zilivyotoka kwa mchoraji. Alituma la picha tupu. Alikuwa na usingizi, alisema, na mtoto alikuwa anaota meno. Lida alimwambia maneno ambayo hayakuhitaji kiputo, akakata simu, akainamia boksi akalia.

Alhamisi tahakiki zikaanza kutoka. Ya kwanza ilisema hatimaye Hrabcak amejifunza kunyamaza. Ya pili ilisema kwa miaka kumi na moja mwandishi huyu alikuwa anatuzoesha kelele ili leo atunyang'anye. Mchoraji, kama ilivyo desturi, alikuwa ameacha nafasi tupu juu ya kichwa cha Cheche pa kuwekea viputo, na bwana mmoja wa Chicago aliiandikia nafasi hiyo aya tatu, akaiita mbingu isiyojibu. Mwingine alifurahishwa na ukurasa wa majina, ambako chini ya mwandishi na mchoraji palichapwa: Herufi za kurasa za mwisho, Odette Barlow. Kumtaja mtia herufi mahali pasipo na herufi, aliandika, ni mzaha wa hali ya juu. Odette alimtumia Lida ujumbe: "Kazi yangu bora kuliko zote. Nashukuru kwa kunishirikisha."

Waswahili tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakosoaji wa Marekani hawajawahi kukaa na wahenga wetu, lakini walifika palepale kwa miguu yao. Wiki haikuisha, toleo likawa limekwisha madukani na Lida ametajwa kuwania Tuzo ya Wino. Mtangazaji mmoja akamuuliza redioni ilikuwaje akaamua kunyamaza mahali ambapo kila mwandishi angesema.

"Kuna mambo hayasemeki," Lida alijibu.

Alisema hivyo mtu ambaye mambo hayo aliyasema kurasa nane nzima. Jioni yake aliona haya hadi masikio yakamuuma, lakini neno likishatoka limetoka.

Kisha, kupitia kwa Preston, ikaja kampuni moja kubwa, ile aliyoiandikia barua tangu ujanani bila kujibiwa. Walitaka awaandikie shujaa wao mkubwa kwa mwaka mzima, matoleo kumi na mawili, yote bila neno. Lida angelipwa vizuri kuliko alivyowahi kulipwa, kwa sharti kwamba asiandike. Na Preston naye alikuwa na lake: hadithi ya kifo cha Tanuru ingechapwa upya, jalada gumu, karatasi nzito, itoke majira ya mapukutiko.

"Hapo maneno yangu yanarudi," Lida alimwambia.

"Dada, nakuomba. Yakirudi, wataniuliza yalikuwa wapi. Nina mtoto."

"Anaota meno, nimesikia."

"Na wewe watakuuliza. Umeshasema redioni hayasemeki."

"Preston, yale maneno yana mwenyewe. Hajayapata."

"Nipe jibu Ijumaa ya wiki ya tatu, kabla hawajafunga. Jioni, saa kumi na moja. Zaidi ya hapo mpiga chapa hanisubiri."

Mwenyewe wa maneno alikuwa amekaa kimya Parma. Lida alipompigia siku ile ya kwanza kumweleza, mzee alimkatiza.

"Nimeona," alisema.

"Umeonaje, Baba?"

"Nimeona."

"Na rangi?"

"Sikutazama rangi."

Kisha akasema ana supu jikoni. Siku zilizofuata aliacha simu ilie, au aliipokea akasema anaelekea dukani. Lida hakumwelewa, na asiyeeleweka akiwa baba yako, unajitafutia kosa mwenyewe. Akaona mzee amechukia kutolewa roho kitabuni bila mtoto wake kumwambia hata kwaheri. Mwisho ni mzee aliyepiga.

"Ijumaa kuna samaki kanisani," alisema. "Njoo."

Ilikuwa Ijumaa ileile ya Preston. Lida alichapa kurasa zake za maneno, akazikunja, akazitia mkobani. Alikuwa amepiga moyo konde. Kama mpiga chapa hakuzifikisha, atazisoma yeye, kwa mdomo wake, mbele ya samaki.

Parma katika Kwaresima, Ijumaa ambazo Wakatoliki hawali nyama, mtu asipomwona jirani yake kwenye samaki wa Ijumaa anakwenda kuulizia kama yu hai. Foleni ilianzia ngazi za ukumbi wa kanisa. Ndani ilinuka mafuta na vitunguu, na kina mama wa parokia wamejifunga aproni wanapakua bila kuangalia mkono. Aliyepakua pierogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, alikuwa Bi Irenka, aliyemfundisha Lida katekisimu na hakuwahi kuacha kumfundisha.

"Lida, nasoma kwenye gazeti siku hizi unasifiwa kwa kutoandika," alisema, akimlimbikizia pierogi. "Mwanangu Bohus hafanyi kazi mwaka wa tatu huu. Tuzo yake inatolewa wapi?"

"Mwambie akose kufanya kazi vizuri zaidi, Bi Irenka."

"Hapo hana mpinzani. Nenda, baba yako kule mwisho. Hajaongea na mtu tangu ameingia, hata padri kampita bila salamu."

Mzee alikuwa ameketi pembeni, mgongo ukutani, shati la Jumapili. Lida akabusu kipara chake akaketi mbele yake. Wakala. Mzee alimenya samaki wake ganda lote la unga kwanza, kama kawaida, akala nyama, kisha akala unga. Lida alikuwa ameshaingiza mkono mkobani, ameshazishika karatasi, mzee alipoanza yeye.

"Nani alikwambia?" aliuliza, macho kwenye sahani.

"Aliniambia nini?"

"Usinizungushe. Mimi si mtu wa redio."

"Baba, sijui unasema habari gani."

Mzee aliweka uma. "Yule binti wa kwenye kitabu chako. Kurasa nane mdomo wazi, na ngumi amekunja. Mtu hakunji ngumi kwa kumwambia babake kwaheri. Nikasema, basi, amejua, kuna mtu amemwambia. Ameandika yote aliyonayo moyoni, halafu akanionea huruma akayafuta. Wiki tatu natafuta namna ya kukushukuru. Sijaipata. Kwa hiyo nakwambia hivihivi tu. Asante kwa kuyafuta."

Ngumi ile ilikuwa ya mchoraji. Alikuwa na mtindo huo, kila mtu wake mwenye uchungu hukunja ngumi, hata bibi harusi. Lida angeweza kusema hivyo, wakacheka, wakala keki. Akili yake ilimwambia nyamaza. Lakini huyu hakuwahi kunyamaza kwa hiari yake hata siku moja.

"Nimejua nini, Baba?"

Mzee alimtazama. Lida akaona uso wake ukibadilika, akaelewa kwamba mzee ameona alipojikwaa, na kwamba ameshachelewa kurudi nyuma.

"Hujaambiwa kitu," mzee alisema.

"Sijaambiwa."

"Na yale maneno?"

"Yalipotea tu. Mhariri alikosea faili. Wewe sema kwanza."

Kwenye jukwaa dogo mtu alikuwa anasoma namba za bahati nasibu, zawadi kapu la mvinyo na soseji. Mzee alingoja amalize.

"Mama yako hakuanguka ile Ijumaa ya tuzo yako," alisema. "Alilazwa Jumatano. Alikuwa na akili zake, anaongea. Muuguzi akaniuliza, mna watoto? Nikasema tuna mmoja, yuko mbali. Alhamisi akaniuliza tena. Nikamjibu hivyohivyo. Ile simu niliyokupigia usiku, mama yako alikuwa ameshakufa tangu mchana. Wewe hukuniuliza saa, na mimi sikukwambia."

Lida aliachia karatasi mkobani. "Alhamisi kulikuwa na ndege," alisema. "Nisingepanda jukwaa lolote. Ningekuja, Baba."

"Najua ungekuja. Ndiyo maana sikupiga."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaja namba ya nyumba.

"Ungekuja, ukaongea," mzee aliendelea. "Ungeongea na daktari, na muuguzi, na mama yako, na mimi. Unaongea vizuri, sikatai, na mama yako alipenda. Lakini yeye alikuwa amebakiwa na pumzi chache, na mimi nilitaka kumsikia anavyopumua. Maisha yangu yote nimekaa kwenye kelele, Lida. Usiku narudi masikio yanavuma, yeye ameshalala, simsikii. Nikasema, hizi siku mbili ni zangu. Nilikunyang'anya mama yako. Hilo silipambi. Nilikunyang'anya."

Lida alisukuma sahani yake, hasira imempanda. Miaka sita amejihesabia dhambi ya simu iliyozimwa. Hajawahi kuitazama ile tuzo ya San Diego, iko chini ya sinki nyuma ya ndoo. Na muda wote huo mzee anamtazama anavyojitafuna, anamwambia rangi nzuri.

"Unajua niliandika nini mle?" aliuliza. "Niliandika radhi. Kurasa nane, nakuomba wewe radhi. Kwa kuchelewa."

Mzee alijifunika macho kwa kiganja. Alipokitoa, macho yalikuwa mekundu.

"Basi sema sasa," alisema. "Yale niliyodhani umeyafuta. Yote. Sitakukatiza."

Akaweka mikono miwili mezani, akainamisha shingo kama mtu anayengoja sindano.

Lida alikunja ngumi. Alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, tusimsingizie kwamba hayakuwepo. Yalikuwa yamejipanga, makali, kila moja na mahali pake, maana hiyo ndiyo kazi yake na hakuna aliyemzidi. Alimwona mzee anangoja. Mdomo ulibaki wazi, na neno halikutoka. Halikutoka hata moja. Wala si kwamba alisamehe. Siku ile hakusamehe, na huenda bado.

Simu ikalia. Lida aliitoa kwa sababu mkono ulihitaji kitu cha kufanya.

"Dada, ni saa kumi na moja," Preston alisema. "Wananisubiri. Maneno yanarudi au hayarudi?"

"Hayarudi."

"Mungu akubariki. Umefikiria kisanaa, eeh?"

"Hapana. Si ya kweli."

"Hayasemi kweli, au vipi? Na wale wenye mwaka wa kimya niwajibu nini?"

Lida aliizima simu, akaitia mkobani juu ya karatasi zake. Kisha akainuka na kiti chake, akazunguka meza, akaketi ubavuni mwa baba yake, upande ule wa ukuta. Ukumbi ulikuwa na kelele za sahani na watoto na mtu wa bahati nasibu aliyerudi na namba zingine. Akainama mpaka bega lake likagusa la mzee. Hapo ndipo alipoisikia, ile filimbi ndogo ya mapafu ya kiwandani, inaingia, inakwama kidogo, inatoka.

Samaki alipoa. Mzee alingoja, akangoja, mwishowe akageuza shingo.

"Husemi?" aliuliza.

"Nakusikia unavyopumua," Lida alisema, na hakuongeza neno.